Seli za insulini zikipandikizwa, nani anazilinda?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Tangu Tuzo ya Nobel ya tiba ilipotangazwa Oktoba 2025, wakipewa waliogundua seli zinazotuliza kinga ya mwili, hapa Tanga swali limekuwa moja, kuanzia kliniki ya kisukari hadi vijiwe vya kahawa vya Ngamiani: ni kweli wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza wanapandikizwa seli na kuachana na sindano? Ni kweli, wapo. Lakini habari nyingi tunazozisoma zinaeleza kwa kirefu seli zilivyopatikana, halafu zinanyamaza kuhusu namna zinavyolindwa zikishaingia mwilini. Kutengeneza seli inayotoa insulini kumeshawezekana. Kuzuia isiuawe na mwili wa aliyeipokea ndiyo kazi iliyobaki, na ndiyo tunayotaka kuizungumzia.

Kisukari aina ya kwanza si kile cha mtu mzima anayeambiwa apunguze ugali na kitambi. Hapa kinga ya mwili yenyewe imezigeukia seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, na kuziua. Mgonjwa, mara nyingi mtoto au kijana, anabaki hana insulini ya kwake. Ukimpa seli beta za mtu mwingine umempa kitu chenye maadui wawili kwa mpigo. Adui wa kwanza ni yule anayemsumbua kila aliyepandikizwa kiungo: mwili unaona alama za HLA (vitambulisho vilivyo juu ya seli) ambazo si zake na kukikataa kilicholetwa. Adui wa pili ni ule ugonjwa wa awali, kwa sababu chembe zilizoua seli beta za kwanza bado zipo kwenye damu na zinaijua sura ya seli beta, awe ameitoa nani. Ndiyo maana hata mtu na pacha wake wa kufanana hawako salama: HLA zinalingana, lakini adui wa pili hajali hilo.

Upandikizaji wenyewe si upasuaji mkubwa. Kongosho la mtoaji aliyefariki husagwa kwa kimeng'enya cha kolajenesi ndani ya chombo chenye joto la mwili, mpaka vile vijisiwa (mafungu madogo yenye seli beta) alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869 viachane na nyama inayovizunguka. Kongosho moja lina vijisiwa karibu milioni moja, lakini kwa uzito ni asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho lote. Vikishachujwa huingizwa kwa mpira mwembamba kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, vikatue humo. Kiasi kinachotakiwa ni angalau vijisiwa 10,000 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mtu wa kilo 60 anahitaji 600,000, na kwa kuwa vingi huharibika kwenye kusaga na kuchuja, mara nyingi kongosho la mtoaji mmoja halitoshi.

Mwaka 2000 James Shapiro na wenzake wa Edmonton, Kanada, walitangaza wagonjwa 7 waliopandikizwa hivyo na wote 7 wakaacha insulini. Dunia ilishangilia. Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya utaratibu huohuo katika vituo vya nchi kadhaa: kati ya wagonjwa 36, waliokuwa bila insulini mwaka mmoja baada ya upandikizaji wa mwisho ni 16, na kati ya hao 16 waliofikisha miaka miwili bila kuchoma sindano ni 5. Wengi wa waliorudi kwenye sindano walibaki na nafuu ya kutozimia kwa sukari kushuka ghafla, na hilo si dogo. Lakini mtu aliyesoma habari ya mwaka 2000 peke yake angedhani kisukari kimekwisha.

Vijisiwa vilikwenda wapi? Zaidi ya nusu hufa siku za mwanzo, na hapa hata baadhi ya wenzetu wa afya huchanganya mambo. Vifo vya siku za mwanzo si kukataliwa. Kijisiwa kikigusana na damu moja kwa moja, damu huganda juu yake na uvimbe huanza. Tena hakina mishipa yake, kinapata oksijeni ya kubahatisha tu mpaka mishipa mipya iote, kazi inayochukua wiki kadhaa. Dawa za kushusha kinga hazitibu hilo, na wala seli tutakazozieleza hivi punde hazilimalizi. Kukataliwa kunakuja baadaye, polepole, na ndiko kunakovimaliza vilivyonusurika.

Mpaka leo kinga ya kukataliwa ni vidonge. Wasomaji wenye ndugu waliopandikizwa figo Muhimbili, ambako kazi hiyo ilianza Novemba 2017, wanavijua: takrolimasi kila baada ya saa 12, pamoja na maikofenoleti na prednisoloni. Kwa figo vinafanya kazi yake. Kwa kisukari vina kero ya pekee, kwamba takrolimasi ni sumu kwa seli beta zilezile inazotakiwa kuzilinda, na ni sumu kwa figo ambazo kisukari kimeshaanza kuzitafuna. Kipimo chake nacho ni chembamba: ikizidi inadhuru, ikipungua kiungo kinakataliwa. Ndiyo maana damu ya kupima kiwango chake huchukuliwa kabla ya kumeza dozi ya asubuhi, si baada, kwani ukishameza namba itakayosomeka itakuwa ya juu na daktari atapunguza dozi pasipo sababu.

Kwa watu wa mkoa wetu tuongeze jambo ambalo kwenye karatasi ya maelezo ya dawa hupita bila kusomwa. Balungi na danzi hupandisha takrolimasi na sirolimasi (dawa nyingine ya kushusha kinga) kwenye damu, kwa sababu huzima kimeng'enya cha utumbo kinachozivunja dawa hizo. Chungwa tamu la Muheza halina neno. Danzi lililokamuliwa kwenye samaki au kutiwa kwenye achari lina neno. Upande wa pili, rifampisini ya kifua kikuu huzishusha dawa hizo kwa kasi kiasi kwamba figo linaweza kukataliwa katikati ya tiba ya TB; na erithromaisini na baadhi ya dawa za fangasi huzipandisha. Aliyepandikizwa asimeze kidonge cha duka la dawa kabla ya kuuliza kliniki yake.

Tukirudi kwenye seli, mwaka 2025 ulileta habari kubwa mbili. Juni yalichapishwa matokeo ya seli beta zilizokuzwa maabara kutoka seli shina (seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa za aina nyingine), dawa iitwayo zimislecel. Kati ya watu 12 waliopata dozi kamili, 10 hawakuhitaji insulini mwaka mmoja baadaye. Hayo ni matokeo mazuri kuliko yote tuliyoyaona, na yanaondoa tatizo la kusubiri kongosho la marehemu. Ila wote walikuwa wakimeza dawa za kushusha kinga, na mshiriki mmoja wa utafiti huo alifariki kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi, fangasi yuleyule anayefahamika sana kwenye wodi za wenye UKIMWI. Kinga iliyoshushwa haichagui cha kuacha kipite.

Habari ya pili ilikuwa Nobel yenyewe, waliyopewa Shimon Sakaguchi wa Japani na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani. Mwaka 1995 Sakaguchi alionyesha kwamba ndani ya kundi la seli za CD4 (aina ya chembe nyeupe za damu), zilezile CD4 zinazohesabiwa kwenye kliniki za UKIMWI (CTC), kuna kundi dogo ambalo kazi yake si kushambulia bali kuwatuliza wenzake wanaotaka kushambulia mwili wenyewe. Tuziite seli T dhibiti. Ni asilimia 5 hadi 10 tu ya CD4. Mwaka 2001 Brunkow na Ramsdell wakaipata jeni inayoziendesha, FOXP3. Wavulana wanaozaliwa na jeni hiyo ikiwa mbovu hushambuliwa na kinga yao wenyewe ngozini, tumboni na kwenye tezi, na wengi wao hupata kisukari aina ya kwanza wakiwa bado wananyonya. Kwa mtu wa kisukari huo ni ushahidi mzito: penye seli dhibiti seli beta huishi, zikikosekana hufa mapema.

Namna zinavyofanya kazi ni kadhaa, tutaje tatu. Zina vipokezi vingi vya CD25, hivyo hunyonya interlukini-2, kemikali ambayo seli zinazoshambulia huihitaji ili ziongezeke. Zina CTLA-4, ambayo hukwangua kwenye seli za kutoa taarifa zile alama zinazosema "shambulia". Na hutoa kemikali kama interlukini-10 zinazopoza eneo lote. Hiyo ya tatu ina faida yake kwenye upandikizaji: seli dhibiti ikiamshwa na kitu kimoja mahali fulani, huwatuliza hata washambuliaji waliokuja kwa ajili ya kitu kingine palepale. Kwa hiyo adui wawili tuliowataja wanaweza kushikwa kwa mkono mmoja. Na kwa kuwa utulivu unakuwa pale palipopandikizwa tu, mwili uliobaki unaendelea kupambana na malaria na TB kama kawaida. Vidonge haviwezi hilo.

Sasa zinatengenezwaje? Mgonjwa hutolewa damu kama nusu lita, au chembe nyeupe peke yake kwa mashine. Kisha zinatafutwa seli zenye CD4, zenye CD25 nyingi na zenye CD127 chache. Hiyo alama ya tatu ndiyo inayookoa kazi. Seli ya kawaida inayoshambulia, ikishaamka, nayo huvaa CD25; ukichagua kwa CD25 peke yake utaingiza washambuliaji kwenye chupa, na wao hukua haraka kuliko seli dhibiti. Mashine ya kuchagua ni ya ukoo mmoja na ile inayohesabu CD4 kwa mwanga wa leza, ila hii haihesabu tu, inatenganisha tone kwa tone. Zinazopatikana ni chache mno, milioni kadhaa, hivyo hukuzwa kwa wiki mbili hivi pamoja na shanga ndogo za sumaku zenye kingamwili za kuziamsha na interlukini-2 nyingi. Maabara nyingine hutia pia sirolimasi kwenye chupa, kwa kuwa seli dhibiti huistahimili na washambuliaji waliopenya hudumaa. Mwishoni shanga huvutwa kwa sumaku, na kabla seli hazijarudi kwa mwenyewe hupimwa: ngapi zina FOXP3, ngapi ziko hai, kuna bakteria au sumu yake. Zisipofaulu kimojawapo, mfuko unatupwa na mgonjwa anaanza upya.

Mengi huharibika hapo. Seli dhibiti iliyokuzwa kwa kuamshwa mara nyingi mno, au ikiingia penye uvimbe mkali, inaweza kupoteza FOXP3, na ikishapoteza ni mgambo aliyevua sare akajiunga na wezi: anawajua wenye nyumba na njia zote. Kugandisha nako kunazichosha; zikiyeyushwa sehemu hufa na zilizobaki huchukua muda kurudi kwenye hali yake. Halafu upo mgongano na vidonge. Seli dhibiti hazijitengenezei interlukini-2, zinategemea ya jirani, na takrolimasi inazuia majirani wasiitoe. Ukimpa mgonjwa seli dhibiti huku takrolimasi iko juu, umepanda mbegu kisha ukafunga mfereji. Sirolimasi inazionea huruma zaidi. Wengine walijaribu kuwachoma wagonjwa interlukini-2 kidogo kidogo ili kuzilisha. Zikaongezeka kweli, lakini na seli za kuua zikaongezeka pamoja nazo.

Kwa binadamu ushahidi tulionao ni huu. Mwaka 2015 huko Marekani watu wazima 14 wenye kisukari aina ya kwanza walirudishiwa seli dhibiti zao wenyewe, kuanzia milioni 5 hadi bilioni 2.6. Hazikuwadhuru, na kwa baadhi yao zilionekana kwenye damu hata baada ya mwaka, japo zimepungua. Baadaye ukaja utafiti mkubwa zaidi wa watoto na vijana 110 waliogunduliwa karibuni, na humo dozi moja haikuzuia seli beta kuendelea kufa. Kwenye ini, kikundi cha Hokkaido, Japani, kilitangaza mwaka 2016 wagonjwa 10 waliopewa mchanganyiko wenye seli dhibiti nyingi baada ya kupandikizwa. Saba waliacha vidonge vyote. Watatu walianza kukataa ini wakarudishwa kwenye dawa, na hao watatu ndio waliokuwa na ugonjwa wa kinga kushambulia ini tangu awali. Mwenye kisukari aina ya kwanza yuko kundi la hao watatu. Hapo ndipo tunapotaka wasomaji watulie kidogo kabla ya kusherehekea.

Kwa nini dozi ya mabilioni isitoshe? Kwa sababu seli zilizochukuliwa jumlajumla kwenye damu zina shughuli elfu, na zinazoijua seli beta ni chache sana. Njia inayofuatwa sasa ni kuzipa anuani. Watafiti wa South Carolina na Florida wameonyesha namna moja tunayoiona ya busara. Seli beta zinazokuzwa kutoka seli shina hupachikwa juu yake alama, kipande cha protini kilichokatwa kisiwe na kazi nyingine. Seli dhibiti nazo hupachikwa kipokezi bandia kinachoitafuta alama hiyo na kuamka zinapoigusa. Walipoziweka seli beta chini ya ganda la figo la panya asiye na kinga yake, kisha wakaleta seli za binadamu zenye ukali, seli beta ziliuawa. Zilipoletwa pamoja na seli dhibiti zenye kipokezi, zilinusurika. Haikubidi mtoaji na mpokeaji walingane HLA, maana ufunguo na kufuli vyote vimetengenezwa na mtu. Kilichobaki kuonekana ni zitadumu muda gani na ngapi zinahitajika kwa mtu wa kilo 60 badala ya mnyama wa gramu 25.

Ipo njia shindani inayozikwepa seli dhibiti kabisa, kuzificha seli beta zenyewe. Huko Uppsala, Sweden, vijisiwa vya mtoaji vilihaririwa jeni ili visionyeshe HLA, vikaongezewa CD47 inayowazuia walinzi wengine wasivile, vikachomwa kwenye msuli wa mkono wa mgonjwa mmoja. Agosti 2025 ilitangazwa kuwa baada ya wiki 12 vilikuwa hai na vinatoa insulini, bila kidonge chochote cha kushusha kinga. Dozi ilikuwa ndogo kwa makusudi, hivyo bado anachoma insulini. Sisi tuna wasiwasi mmoja na njia hii: seli iliyofichwa isionekane na kinga, ikipata saratani au virusi, nani ataiona? Seli dhibiti walau unaweza kuziacha zife.

Tunayaandika haya kwa sababu kwenye simu za watu hapa mjini yanazunguka matangazo ya unga na vidonge "vya seli shina" vya kuponya kisukari. Seli hai huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hakuna inayokaa hai kwenye kopo la plastiki juu ya kabati. Na kwa anayeahidiwa sindano ya seli nje ya nchi, kipo kipimo kimoja kisichodanganyika, peptidi C. Kongosho likitengeneza insulini hutoa peptidi C sawa kwa sawa, lakini insulini ya chupa haina. Aombe kipimo hicho kabla na baada. Kisipopanda hakuna seli iliyoshika, hata sukari iwe nzuri vipi. Aulize pia seli ni za nani, ngapi kwa kilo, zinawekwa wapi, na zitalindwa kwa nini. Anayejibu kwamba hazihitaji ulinzi wowote aachwe na fedha yake isitoke mfukoni.

Mtoto wa kisukari aina ya kwanza akikatishwa insulini, asidi hujaa kwenye damu ndani ya siku moja au mbili: anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu na kwa kina, pumzi inanukia kama tunda lililoiva mno. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali ya Bombo usiku huohuo, si wa kusubiri majibu ya malaria.

Kwako Mhariri tuna ombi dogo. Kila habari ya seli zilizopandikizwa ichapwe na mstari mmoja chini ya kichwa: aliyepandikizwa ni nani, wangapi, kwa muda gani, na wanalindwa kwa nini. Ya zimislecel ingesomeka: binadamu 12, mwaka mmoja, vidonge vya kushusha kinga kila siku. Ya Uppsala: mtu mmoja, wiki 12, seli zilizohaririwa jeni, insulini bado anachoma. Ya South Carolina na Florida: panya, seli T dhibiti zenye kipokezi.

Ni sisi,
Watumishi wa maabara na kliniki ya kisukari,
Tanga